Mwanga Ndani ya Jani: Kupiga Picha Misitu Inapopukutisha

Wekundu wa jani la mepo hutengenezwa na jani lenyewe katika wiki zake za mwisho mtini. Kaskazini mwa dunia, mchana unapozidi kufupika mwezi wa Septemba, mti huacha kutengeneza umbijani, ile dutu ya kijani inayonasa nishati ya jua. Umbijani uliokuwapo huvunjika, na virutubisho vyake, hasa naitrojeni, hurudishwa matawini na mizizini kungojea msimu mwingine. Kijani kikishaondoka, manjano hujitokeza. Hiyo ni kazi ya karotenoidi, jamii ileile ya rangi inayopatikana katika karoti, ambazo zilikuwamo jani zima muda wote ila zilifunikwa. Nyekundu asili yake ni nyingine. Rangi iitwayo anthosayanini hutengenezwa upya kutokana na sukari inayobaki ndani ya jani wakati mishipa ya kikonyo inapoanza kuziba, na utengenezaji huo huhitaji mwanga. Kwa hiyo mchana wa jua ukifuatwa na usiku wa baridi isiyofikia kugandisha maji, wekundu hukolea. Kwa sababu hiyohiyo mti mmoja huweza kuwa mwekundu upande unaopigwa na jua, na matawi yake ya ndani, yaliyokaa kivulini, yakawa manjano.

Mpiga picha anayelijua hilo huwa ameshaanza kazi kabla hajatoa kamera mkobani. Huutazama mti kwa kuuzunguka, kwa kuwa upande wa kusini na upande wa kaskazini ni picha mbili tofauti.

Mahali palipojulikana zaidi kwa kazi hii ni New England, majimbo sita ya kaskazini-mashariki ya Marekani, na hasa Vermont, New Hampshire na Maine. Huko hukua mepo ya sukari, mti ambao utomvu wake huchemshwa kupata shira, pamoja na mepo nyekundu na mibetula yenye magome meupe. Jani la mepo ndilo lililochorwa kwenye bendera ya Kanada tangu mwaka 1965, na wengi wanalitambua umbo lake hata kama hawajawahi kuuona mti wenyewe. Barabara ya Kancamagus, yenye urefu wa kilomita kama 55, hupita katikati ya safu ya White Mountains huko New Hampshire, na kila mwaka hujaa magari ya watu waliokuja kutazama majani tu. Rangi huanzia kaskazini na milimani mwishoni mwa Septemba, ikashuka mabondeni na kuelekea kusini, hadi ikafika pwani ya Connecticut mwishoni mwa Oktoba. Katika majimbo hayo wanaishi pia wazungumzaji wengi wa Kiswahili, hasa waliotoka Kongo na Burundi, katika miji kama Portland na Lewiston ya Maine, Manchester ya New Hampshire na Burlington ya Vermont. Hao hawana haja ya safari ndefu, na wana faida kubwa kuliko mtalii yeyote: wanaweza kuurudia mti uleule kwa siku kumi na kuuona katika kila aina ya mwanga.

Jua la huko halifanani na la Afrika Mashariki. Katikati ya Oktoba, kwenye latitudo ya digrii 44, jua la saa sita mchana hufika kimo cha digrii kama 38 tu kutoka upeo wa macho, ilhali Nairobi siku hiyohiyo limekaribia utosini. Mpiga picha aliyejifunzia Nairobi au Dar es Salaam amezoea kuweka kamera chini kuanzia saa nne asubuhi hadi alasiri, kwa sababu mwanga hudondoka wima na kuacha vivuli vizito chini ya kila kitu. Huko Vermont hana sababu ya kufanya hivyo. Mwanga huja kwa ubavu siku nzima. Machweo nayo ni marefu zaidi: karibu na ikweta jua hushuka wima, na digrii sita za mwisho huzimaliza kwa dakika kama 24, wakati huko hushuka kwa mshazari na digrii hizohizo huchukua zaidi ya nusu saa. Muda huo wa ziada si mwingi, lakini unatosha kuhamisha stendi ya kamera kutoka ukingo mmoja wa ziwa hadi mwingine.

Pamoja na hayo yote, mwanga bora kwa picha nyingi za majani haumo katika jua kabisa. Umo katika mawingu. Hili huwashangaza wengi, kwa kuwa siku ya jua ndiyo inayomvuta mtu kutoka nyumbani, na rangi zinazotazamwa kwa macho siku hiyo huonekana kung'aa kuliko kawaida. Jicho la binadamu huzoea haraka tofauti ya mwangaza, likaona jani lililo juani na jani lililo kivulini kwa wakati mmoja. Kamera haina uwezo huo kwa kiasi hichohicho. Ndani ya msitu wenye jua kali, picha huwa madoadoa: vipande vyeupe vilivyoungua na vipande vyeusi visivyo na kitu, na rangi iliyomvutia mtu imepotea katikati yake.

Mawingu membamba yaliyotanda huligeuza anga zima kuwa chanzo cha mwanga. Mwanga unatoka kila upande, vivuli vinalainika, na tofauti kati ya jani la juu na jani la chini inapungua hadi kamera inaweza kuzibeba zote mbili. Aliyelionyesha jambo hili kwa ushahidi mkubwa kuliko wote ni Eliot Porter, Mmarekani aliyesomea udaktari Harvard kabla hajaamua kuishi kwa kamera. Mwaka 1962 shirika la Sierra Club lilichapisha kitabu chake cha picha za rangi za misitu ya New England, kikiwa na maneno ya mwandishi Henry David Thoreau kando ya picha. Porter aliupenda mwanga uliotulia, wa mawingu au wa kivuli, na alitumia kamera kubwa ya filamu za bapa zilizomlazimu kupiga polepole. Katika enzi ambayo picha ya rangi ilihesabiwa kuwa ya matangazo ya biashara na si sanaa, picha zake zisizo na jua zilikuwa na rangi nzito kuliko kadi za posta zilizopigwa juani.

Sababu yake imo katika uso wa jani. Jani limefunikwa na utando wa nta, na utando huo hurudisha sehemu ya mwanga kabla haujagusa rangi iliyo ndani, kama kioo cha dirisha kinavyorudisha sura ya barabara na kuficha chumba. Mwanga unaorudi hivyo hauna rangi ya jani. Una rangi ya chanzo chake: mweupe ukitoka juani, wa samawati ukitoka kwenye anga wazi. Mwanga uliopenya ndani, ukapita kwenye anthosayanini au karotenoidi kisha ukatoka, ndio pekee unaobeba nyekundu na manjano. Kazi yote ya kupiga picha za majani kwa mwanga wa asili inaweza kutazamwa kwa njia hiyo: kupunguza mwanga uliorudishwa na uso, na kuongeza ule uliopita ndani.

Kifaa cha kupunguza ule wa kwanza ni filta ya polaraiza. Hufungwa mbele ya lenzi na kipande chake cha mbele huzungushwa kwa vidole, huku mpiga picha akitazama mng'ao ukipungua na rangi ikijitokeza. Watu wengi huifahamu kwa kukoza samawati ya anga, na kwa kazi hiyo hufaa zaidi lenzi inapoelekezwa upande ulio mraba na jua. Lakini thamani yake kubwa msituni ni siku ya mawingu, na kubwa zaidi baada ya mvua. Majani yaliyolowa huwa na utando wa maji juu ya utando wa nta, kwa hiyo hung'aa zaidi. Filta ikizungushwa ipasavyo, weupe huo hutoweka, na jani lililolowa huonekana limeiva kuliko lilivyokuwa likiwa kavu. Hakuna programu ya kompyuta inayoweza kufanya kazi hii baadaye, kwa kuwa pale mng'ao ulipofunika, rangi haikurekodiwa.

Filta hiyo ina gharama zake. Hula mwanga wa stopu moja na nusu hadi mbili, yaani kamera hubaki na theluthi moja au robo tu ya mwanga uliokuwapo, na shata hulazimika kukaa wazi zaidi. Pamoja na lenzi pana sana, anga hutoka na doa la samawati nzito upande mmoja. Tena kuizungusha hadi mwisho si vyema kila mara. Jani lisilo na mng'ao wowote huonekana limekufa, kama lililokatwa kwenye karatasi, kwa hiyo wapiga picha waangalifu huirudisha nyuma kidogo na kuacha mng'ao mdogo kwenye kingo. Mwenye simu naye hajanyimwa: filta inaweza kushikwa kwa mkono mbele ya lenzi ya simu na kuzungushwa vivyo hivyo.

Njia ya kuongeza mwanga wa pili, ule unaopita ndani, haihitaji kifaa chochote. Ni kulizunguka jani hadi jua liwe nyuma yake. Mwanga ukipenya jani zima kutoka nyuma, kinachofika kwenye lenzi karibu chote kimechujwa na rangi, na mishipa ya jani huonekana yote, mikubwa na midogo. Hapa ndipo siku ya jua inapojipatia haki yake. Mepo iliyopigwa jua kwa mbele ni nyekundu ya kawaida. Mepo hiyohiyo ikitazamwa kutoka upande wa pili, saa mbili asubuhi, huwaka. Matokeo huwa bora zaidi nyuma ya tawi pakiwa na giza, kwa mfano mteremko ambao jua halijaufikia, au shina nene la msonobari. Bila giza hilo, tawi hushindana na anga jeupe na hushindwa.

Jua lililo mbele ya kamera huleta shida ya miale kuingia moja kwa moja kwenye lenzi, ikasambaa na kuipausha picha nzima. Kinga ya lenzi husaidia, na isipokuwapo, kofia au kiganja kilichonyooshwa juu ya lenzi hutosha, mradi kisiingie kwenye picha. Shina la mti pia linaweza kulificha jua. Wapo wanaopenda jua lichungulie pembeni mwa shina na kutoa miale ya nyota, jambo linalopatikana kwa kubana tundu la lenzi hadi f/16 hivi. Hupendeza mara moja moja. Picha kumi mfululizo za namna hiyo huchosha.

Kipimamwanga cha kamera nacho kinahitaji kusimamiwa. Kimeundwa kikidhania kwamba kila kinachotazamwa ni cha kijivu cha wastani. Kichaka cha mibetula ya manjano kinang'aa kuliko kijivu hicho, kwa hiyo kamera ikiachiwa yenyewe hukifanya kiwe cheusi na kichafu. Humbidi mpiga picha aongeze theluthi mbili za stopu au stopu nzima. Nyekundu ina mtego wa upande wa pili. Kila pikseli ya picha huhifadhi vipimo vitatu, vya nyekundu, kijani na samawati, na kwenye jani la mepo lililo juani kipimo cha nyekundu hujaa na kufika kikomo wakati vingine viwili viko chini bado. Histogramu ya jumla, yaani grafu ya mwangaza wa picha, huonyesha kwamba mambo ni shwari. Kumbe jani limegeuka kuwa bapa la rangi moja, halina mshipa wala kivuli. Kamera nyingi zinaweza kuonyesha histogramu ya kila rangi peke yake, na hiyo ndiyo ya kutazamwa. Wekundu ukigonga ukuta wa kulia, mwanga upunguzwe kwa theluthi moja ya stopu na kupimwa tena. Kupiga kwa faili ghafi la RAW badala ya JPEG huongeza nafasi ya kuokoa, ingawa haliokoi kilichoungua kabisa.

Mpangilio wa weupe ndio unaoharibu picha nyingi kimyakimya. Kamera iliyowekwa kujipangia yenyewe hukutana na msitu uliojaa rangi ya chungwa, ikadhani ni mwanga wenyewe ulio na rangi hiyo, kama wa taa ya nyumbani, kisha hujaribu kuusahihisha kwa kuongeza samawati. Matokeo ni msitu uliopoa. Ni afadhali kuchagua mpangilio mmoja na kuushikilia: wa jua, ulio karibu na kelvini 5,500, au wa mawingu, ulio juu kidogo yake. Kivulini chini ya anga wazi mwanga hupita kelvini 7,000, na majani huchukua ubuluu unaoonekana zaidi kwenye picha kuliko kwa macho. Hata hivyo ubuluu huo una mahali pake. Kijito kinachopita kivulini huku mlima wa ng'ambo ukiwa umepigwa jua huakisi dhahabu ya mlima kati ya mawe ya samawati, na rangi hizo mbili hukuzana. Asiyependa kubahatisha hutafuta maji ya namna hiyo kwanza, kisha husogea hatua moja moja hadi akisi iangukie pale anapotaka.

Upepo ni adui wa mwanga hafifu. Siku ya mawingu, ndani ya msitu, filta ikiwa imefungwa, shata inaweza kuhitaji sekunde nzima, na stendi ya miguu mitatu hutuliza kamera lakini haitulizi tawi. Mti wa aspeni ndio mgumu kuliko yote. Kikonyo cha jani lake ni bapa badala ya duara, hivyo pumzi ndogo tu ya upepo hulitikisa jani, na jina lake la kitaalamu, Populus tremuloides, limetokana na kutetemeka huko. Miti hiyo huijaza manjano milima ya Colorado na Utah mwishoni mwa Septemba. Utah ndiko liliko kundi liitwalo Pando, lenye eneo la hekta 43 hivi na mashina yapatayo 47,000, yote yakiwa yamechipuka kutoka kwenye mizizi ya mti mmoja. Kusimamisha majani ya aspeni kwenye upepo kunahitaji shata ya sehemu moja ya 250 ya sekunde au ya haraka zaidi, hata ikibidi kupandisha ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, hadi 1,600. Chembechembe chache zinazoletwa na ISO hiyo ni za kuvumilia. Jani lililochezacheza bila kukusudiwa halivumiliki. Alfajiri upepo huwa umelala, na mabondeni usiku wa baridi na anga wazi huacha ukungu unaodumu saa moja au mbili baada ya macheo. Ukungu hupunguza rangi za mbali na kuacha za karibu, kwa hiyo mti mmoja huweza kutengwa na msitu mzima bila lenzi ya gharama.

Si lazima rangi iwemo ndipo mwanga wa majani haya uonekane. Mwaka 1958, kaskazini mwa New Mexico, mpiga picha Ansel Adams alipiga aspeni za manjano kwa filamu nyeusi na nyeupe. Jua lilikuwa limeshafichwa na mlima, upepo haukuwapo, na mwanga ulitoka angani tu. Filta ya manjano iliyokolea iliyapitisha majani na kuibana samawati ya kivulini, na majani yakatoka karibu meupe mbele ya msitu mweusi. Picha hiyo inafundisha kuhusu kivuli tulivu kuliko maelezo mengi.

Msimu hauishi mepo inapobaki matawi matupu. Majani yaliyoanguka hudumu na rangi kwa siku chache chini ya miti, na asubuhi za umande ulioganda, kila ukingo wa jani huwa na mstari mweupe. Hayo hupigwa kivulini, kwani jua likiyafikia, barafu hiyo huyeyuka kwa dakika chache. Baadaye hugeuka milariki, misonobari ya aina yake inayopukutisha sindano zake baada ya kuwa za dhahabu. Mialoni huja mwisho. Kahawia yake, itokanayo na tanini, hupuuzwa na wengi, lakini jua la katikati ya Novemba, ambalo hata adhuhuri halifiki digrii 30, likiipiga kutoka nyuma, hutoa rangi ya shaba ambayo mepo haina.

Baada ya kupiga hubaki kazi ya kompyuta, na hapa pana ushawishi wa zamani. Filamu ya Kodachrome ilitoka mwaka 1935, na mwaka 1990 kampuni ya Fuji ikatoa Velvia, iliyokoza nyekundu na kijani kupita zilivyo, nayo ikapendwa mno na wapiga picha wa mandhari. Macho ya wengi yalizoea chumvi hiyo, na simu za leo huitia zenyewe bila kuulizwa. Anayetaka kujua kama ameshapita kiasi atazame mishipa ya jani kwa kuikuza picha hadi ukubwa wake kamili. Ukolezaji wa rangi unaposogezwa mbele, mishipa midogo ndiyo hupotea kwanza, ikifuatiwa na tofauti kati ya jani lililo juu na lililo chini yake. Mkono usimame kabla ya mishipa hiyo kupotea.